Senti Hamsini kwa Siku

Sheria ya Lanham haikutungwa kwa ajili ya watoto. Fritz Lanham, mbunge wa Texas ambaye sheria hiyo inabeba jina lake, alikuwa akihangaikia nyumba, maji, mitaro, barabara na hospitali katika miji iliyofurika wafanyakazi wa viwanda vya silaha. Bunge la Marekani liliipitisha Oktoba 1940, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Japani kuishambulia Pearl Harbor. Lakini ilikuwa ni kupitia sheria hiyo ya mabomba na mitaro kwamba serikali kuu ya Marekani ilikuja kugharimia vituo vya kulelea watoto nchi nzima, na kumpokea mtoto wa mama mfanyakazi bila kumuuliza mama huyo ana kipato gani. Haijafanya hivyo tena tangu wakati ule.

Vita ilipoanza rasmi kwa Marekani, Desemba 1941, wanaume waliingia jeshini kwa mamilioni na wanawake wakashika mashine walizoziacha. Suala la nani abaki na mtoto kila nyumba ililimaliza kivyake. Kwingine alikuwepo bibi, kwingine jirani, kwingine dada mkubwa aliyekatishwa masomo. Wasiokuwa na mtu walifanya walichoweza. Agnes Meyer, aliyezunguka nchi akiliandikia gazeti la Washington Post habari za raia wakati wa vita, aliripoti kutoka bonde la San Fernando huko California kwamba mtumishi wa ustawi wa jamii alihesabu watoto wachanga 45 waliofungiwa ndani ya magari katika eneo moja la maegesho. Mama yuko ndani kwenye zamu, mtoto yuko nje garini. Habari za namna hiyo zilifanya kazi ambayo hoja za wataalamu wa malezi hazikuweza kuifanya kwa miaka 40.

Maana mama mfanyakazi hakuzaliwa na vita. Wanawake weusi wa Marekani walikuwa wakifanya kazi nje ya nyumba zao tangu utumwani, tena mara nyingi kazi yenyewe ilikuwa kulea watoto wa wengine huku wa kwao wakibaki na yeyote aliyepatikana. Wajane wa Kizungu na wahamiaji wapya kutoka Ulaya nao walifua, walishona, walisafisha maofisi usiku. Kwa ajili yao mabibi matajiri wa New York na Chicago walifungua nyumba za kulelea watoto mchana, na mwaka 1898 Josephine Jewell Dodge akaziunganisha katika shirikisho la kitaifa. Wanawake weusi walijijengea za kwao kupitia vyama vyao, hasa chama cha kitaifa kilichoundwa mwaka 1896 chini ya Mary Church Terrell. Serikali haikutia mkono. Hata wafadhili wenyewe waliona aibu kidogo: waliamini kituo ni mahali pa kumsaidia mama aliyepatwa na balaa, na kwamba siku mambo yakimnyookea atarudi nyumbani kwake, panapomfaa.

Imani hiyo ndiyo iliyoshinda mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1909 Rais Theodore Roosevelt aliitisha mkutano Ikulu, ukaazimia kwamba mtoto asitenganishwe na mama yake kwa sababu ya umaskini peke yake. Azimio jema. Tafsiri yake kiserikali ikawa posho ya kumwezesha mama maskini kubaki nyumbani. Illinois ilitangulia kwa jimbo zima mwaka 1911, na kufikia 1920 majimbo 40 yalikuwa yameifuata. Lakini posho yenyewe ilikuwa ndogo kiasi kwamba mama aliendelea kufua nguo za watu ili kujazia, na ilitolewa kwa wanawake ambao maafisa waliwahesabu kuwa wenye maadili. Hesabu iliyofanywa mwaka 1931 ilikuta wanawake weusi ni asilimia 3 tu ya waliokuwa wakipokea. Kwa hiyo yule ambaye hakuwahi kupewa nafasi ya kubaki nyumbani ndiye pia aliyenyimwa fedha za kubakia nyumbani, na kituo cha kumwachia mtoto hakujengewa.

Fedha za kwanza za serikali kuu kwa ajili ya chekechea zilikuja kwa mlango wa pembeni. Mwaka 1933, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, Harry Hopkins aliyesimamia misaada ya dharura ya Rais Franklin Roosevelt aliidhinisha shule za watoto wadogo zilizo chini ya mradi wa ajira. Aliyelengwa hasa alikuwa mwalimu asiye na kazi, pamoja na wauguzi, wapishi na wafagiaji. Watoto walitoka kwenye familia zinazopokea msaada. Walipata chakula cha moto, usingizi wa mchana na mafuta ya samaki. Shule hizo zilifikia 1,900 hivi, zikiwa na nafasi za watoto 75,000. Ajira ziliporudi kwa sababu ya maandalizi ya vita, mradi ulianza kukosa sababu ya kuwepo, na shule zikaanza kufungwa wakati uleule ambao mama wa watoto hao walikuwa wakiitwa viwandani.

Hapo ndipo sheria ya mitaro ilipopata kazi mpya. Mwaka 1942 maafisa wa Wakala wa Kazi za Umma wa serikali kuu waliamua kwamba kama sheria inaruhusu kujenga hospitali na shule katika mji uliolemewa na vita, basi inaruhusu pia kituo cha watoto. Maombi ya kwanza yaliidhinishwa Agosti mwaka huo. Utaratibu wake ulikuwa wa kuchosha. Mji ulipaswa kuthibitisha kwamba vita ndiyo iliyouletea uhaba, utafute sehemu yake ya fedha, kisha usubiri makaratasi yapite kwenye ofisi kadhaa zilizokuwa hazipendani. Ofisi ya Watoto iliyokuwa chini ya Katharine Lenroot haikuuficha msimamo wake: mama wa mtoto mdogo anajenga taifa akiwa nyumbani, na mtoto chini ya miaka miwili hapaswi kuwekwa kituoni. Mwaka 1943 baadhi ya maseneta walijaribu kuunyang'anya Wakala kazi hiyo na kuikabidhi kwa watu wa watoto na wa elimu. Muswada ulipita Seneti ukafia katika Baraza la Wawakilishi. Mafundi bomba wakabaki na watoto.

Mzazi alilipa senti 50 kwa siku, baadaye zikapanda hadi 75 katika sehemu nyingi. Mchomeleaji aliyehitimu katika viwanda vya kuunda meli vya Pwani ya Magharibi alipata dola 1.20 kwa saa, kwa hiyo malezi ya siku nzima, pamoja na chakula, yalimgharimu ujira wa chini ya dakika 40. Julai 1944, mpango ulipofika kileleni, vituo vilikuwa 3,102 na watoto karibu 130,000. Waliopita humo kwa miaka yote ya vita wanakadiriwa kuwa kati ya 550,000 na 600,000, na serikali kuu ilitoa takriban dola milioni 52.

Sitaki kuupamba mpango huu kuliko ulivyokuwa. Watoto 130,000 ni tone ukilinganisha na wanawake waliokuwa kazini, ambao idadi yao ilikaribia milioni 19. Vituo vingine vilikuwa vyumba vya chini vya makanisa na kumbi zenye baridi. Huko Kusini watoto weusi walitengwa na weupe kama walivyotengwa kwenye kila kitu kingine. Na mwanzoni mama wengi hawakuviamini. Walivihusisha na zile nyumba za hisani za wajane na maskini, wakaona ni fedheha kumpeleka mtoto wao huko. Viti vilikaa vitupu miezi ya kwanza, na magazeti yakaandika kwamba serikali inapoteza fedha. Kilichovijaza ni maneno ya mama kwa mama, kiwandani, saa ya chakula.

Kituo kilichojulikana kuliko vyote hakikuwa cha Lanham hata kidogo. Henry Kaiser, mkandarasi aliyejenga mabwawa kabla ya kuingia kwenye meli, alikuwa na viwanda vikubwa vya kuunda meli katika eneo la Portland, Oregon, vikisimamiwa na mwanawe Edgar. Aprili 1943 Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, alifika upande wa pili wa mto, Vancouver katika jimbo la Washington, kuizindua manowari ya kubebea ndege. Mama Roosevelt hakuwa mtu wa kuvunja chupa kwenye meli na kuondoka. Aliwasukuma akina Kaiser na serikali wajenge mahali pa watoto, na Tume ya Bahari ya Marekani ikakubali kulipa.

Vituo viwili vilifunguliwa Novemba 1943, kimoja Swan Island na kingine kwenye kiwanda cha Oregonship, vyote vikiwa langoni hasa, ili mama amkabidhi mtoto akiwa njiani kwenda kwenye zamu yake. Majengo yalikuwa ya duara kama gurudumu: vyumba vya kuchezea vikizunguka ua wenye vidimbwi vya kuogelea watoto, madirisha makubwa, na sinki zilizoshushwa hadi urefu wa mtoto. Uongozi ulipewa wasomi wa juu kabisa wa malezi nchini, Lois Meek Stolz akiwa mkurugenzi na James L. Hymes akiwa meneja wa shughuli za kila siku. Waliajiri walimu waliosomea watoto wadogo kutoka kila pembe ya nchi. Wapo wasomaji watakaodhani huu ulikuwa ufahari. Kwa mama aliyetoka zamu ya usiku akiwa na masizi usoni, ilikuwa ni nafasi ya kulala.

Milango ilikuwa wazi usiku na mchana, siku 364 kwa mwaka. Krismasi tu ndiyo waliyofunga. Walipokea watoto kuanzia miezi 18 hadi miaka 6. Mtoto wa kwanza alilipiwa dola 5 kwa wiki ya siku sita, na kila aliyemfuata dola 3.75. Kulikuwa na wauguzi na chumba cha wagonjwa, hivyo mafua ya mtoto hayakumaanisha tena mama kukosa zamu. Kulikuwa pia na jiko la chakula cha kwenda nacho nyumbani: mama aliagiza mapema, kisha akichukua mtoto anachukua na mlo wa jioni wa familia, uliopikwa tayari. Watoto karibu 4,000 walilelewa hapo kabla vita haijaisha. Ada za wazazi hazikukaribia hata kidogo gharama halisi. Pengo lilijazwa na mkataba wa serikali, ambao ulimlipa Kaiser gharama zote za kutengeneza meli na faida juu yake. Malezi yaliingizwa humo humo kwenye bei ya meli, pamoja na chuma na rangi.

Ndiyo maana meli zilipokoma kuhitajika, vituo navyo vilikoma. Japani ilisalimu amri Agosti 1945. Septemba milango ya Swan Island ilikuwa imefungwa.

Kwa vile vya Lanham mambo yalichukua muda kidogo zaidi. Agosti hiyohiyo serikali ilitangaza kwamba fedha zitakoma mwishoni mwa Oktoba. Barua, telegramu na majina yaliyotiwa saini yalianza kumiminika Washington. Baadhi ya walioandika walikuwa wake wa askari ambao bado hawajarudi, wengine wake wa askari ambao hawatarudi kamwe. Eleanor Roosevelt, sasa akiwa mjane, aliandika katika safu yake ya gazeti kwamba wapo waliodhani vituo ni jambo la dharura ya vita tu, ilhali yeye na wachache walihisi kwamba hitaji hili ni la siku zote. Rais Harry Truman aliliomba Bunge dola milioni 7 za kusogeza mbele, akapewa. Zilitosha hadi tarehe 28 Februari 1946. Kuanzia Machi hapakuwa na kitu.

Isipokuwa California. Huko mama wa viwanda vya ndege na meli hawakutawanyika. Wakishirikiana na walimu wa vituo walikwenda Sacramento, makao makuu ya jimbo, wakakaa kwenye vikao vya kamati, wakaeleza hesabu za pango, maziwa na nauli mbele ya wabunge waliokuwa wakipenda zaidi kuzungumzia utakatifu wa nyumba. Jimbo likakubali kubeba vituo kwa mwaka mmoja. Kisha mwaka mwingine. Kila bajeti ilipofika walirudi tena. Ilichukua hadi 1957 ndipo vituo vikawa vya kudumu kisheria, na bei waliyolipa ni kubanwa kwa milango: hapo zamani kila mama mfanyakazi aliruhusiwa, sasa kipato kilipimwa kwanza. Hata hivyo, hakuna jimbo jingine lililovivusha vituo vyake vya vita kwa kiwango hicho.

Mwanauchumi Chris Herbst wa Chuo Kikuu cha Arizona State, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, aliwafuatilia kwa takwimu watoto wa Lanham hadi utu uzima. Akakuta kwamba mahali palipopata fedha nyingi zaidi, mama wengi zaidi waliingia kazini, na watoto wao walipokua walisoma zaidi na kupata kipato kizuri zaidi kuliko wenzao. Majibu hayo yalichelewa miaka 70.

Baada ya vita serikali ilihamishia msaada wake mahali pasipoonekana, kwenye fomu za kodi. Mwaka 1939 mume na mke mmoja waliokuwa wote kazini walikuwa wameidai Bodi ya Rufaa za Kodi iwaruhusu kutoa mshahara wa yaya kwenye kipato chao, kwa hoja kwamba bila yaya mke asingeweza kwenda kazini. Walishindwa. Bodi iliona kulea ni kazi ya mke ambayo kwa kawaida hailipwi, na kwa hiyo kumlipa mtu aifanye ni matumizi ya nyumbani, wakati chakula cha mchana cha mfanyabiashara na mteja wake kilihesabiwa gharama ya kazi. Mwaka 1954 Bunge lililegeza kidogo: familia iliruhusiwa kuondoa hadi dola 600 kwa mwaka, lakini wanandoa wakipita kipato cha dola 4,500 ruhusa ilianza kuyeyuka.

Halafu ukaja mwaka 1971, na hapa lazima tusimame.

Mpango wa Head Start, ulioanza mwaka 1965 kwa watoto maskini, ulikuwa umewazoesha watu kuona fedha za serikali kuu kwenye darasa la watoto wa miaka minne. Wanawake walikuwa wakiingia kazini mwaka hadi mwaka, bila vita yoyote kuwaita. Rais Richard Nixon mwenyewe alikuwa ametamka mwaka 1969 kwamba taifa linapaswa kujali miaka mitano ya kwanza ya maisha. Seneta Walter Mondale wa Minnesota na mbunge John Brademas wa Indiana walilishika neno lake. Wakisaidiwa na Marian Wright Edelman, mwanasheria aliyepigania haki za raia huko Mississippi, na vyama vya wafanyakazi, waliandika muswada mpana: vituo vilivyo wazi kwa familia zote, bure kwa familia ya watu wanne yenye kipato kisichozidi dola 4,320, na ada inayopanda kidogokidogo kadiri kipato kinavyopanda. Dola bilioni 2 zilitengewa mwaka wa kwanza. Katika Seneti ulipita kwa kura 63 dhidi ya 17, Republican wengi wakiwemo.

Edelman na wenzake walisisitiza jambo moja lililowagharimu. Hawakutaka fedha zipitie mikononi mwa magavana, kwa kuwa walikuwa wameona huko Mississippi jinsi magavana walivyojaribu kuinyonga Head Start iliyoendeshwa na watu weusi. Walitaka miji midogo na jumuiya zipate fedha moja kwa moja. Ikulu ikasema haiwezekani kusimamia maelfu ya wapokeaji. Huo ulikuwa mgogoro wa kweli wa kiutawala, na ungeweza kupatanishwa.

Kilichotokea ni kingine. Julai mwaka huo Nixon alikuwa ametangaza kwamba atakwenda Uchina ya Mao, na mrengo wa kulia wa chama chake ukawaka hasira. Walihitaji kutulizwa. Desemba 9, 1971, Nixon aliukataa muswada kwa ujumbe ulioandikwa kwa msaada mkubwa wa Patrick Buchanan, kijana wa Ikulu mwenye kalamu kali. Ujumbe haukuishia kwenye gharama na usimamizi. Ulidai sheria hiyo ingeliweka taifa upande wa malezi ya kijumuiya dhidi ya malezi ya familia. Ilikuwa lugha ya vita baridi ikielekezwa kwenye vitanda vya watoto. Buchanan alikiri miaka mingi baadaye kwamba walikusudia kuua wazo lenyewe, siyo muswada tu. Seneti ilijaribu kulipindua katazo hilo ikapata kura 51 dhidi ya 36, chini ya theluthi mbili zilizotakiwa.

Jambo ambalo wengi hawalikumbuki ni la siku iliyofuata. Desemba 10 Nixon alitia saini sheria ya kodi iliyopandisha nafuu ya malezi hadi dola 400 kwa mwezi, tena kwa familia za tabaka la kati zenye vipato vizuri. Serikali ile iliyokataa jana kulea watoto kwa pamoja, leo ililipa sehemu ya mshahara wa yaya. Fedha ni za umma pande zote mbili. Tofauti ni kwamba moja ina jengo na kibao, nyingine ni mstari kwenye fomu.

Mondale alijaribu tena mwaka 1975. Safari hii vipeperushi visivyo na jina la mwandishi vilisambazwa makanisani na majumbani vikidai sheria itawapa watoto haki ya kuwashtaki wazazi wao. Hakukuwa na kifungu cha aina hiyo. Ofisi za wabunge zilizidiwa na barua, muswada ukafa. Kodi ikaendelea kusonga kimyakimya: mwaka 1976 ikawa punguzo la moja kwa moja kwenye kodi inayodaiwa, mwaka 1981 waajiri wakaruhusiwa kumtengea mfanyakazi fedha za malezi zisizokatwa kodi. Kwa daktari na mhasibu ni nafuu nzuri. Kwa mama anayepika mkahawani, ambaye kipato chake hakifiki hata kiwango cha kudaiwa kodi ya mapato, punguzo ni hewa tupu.

Taasisi moja ya serikali haikusubiri mjadala huu uishe. Jeshi liligundua kwamba askari ambaye hajui mtoto wake ataachwa wapi hawezi kutumwa popote, na baadhi ya vituo vyake vilikuwa hatarishi. Sheria ya mwaka 1989 ilipandisha mishahara ya walezi, ikaweka ukaguzi wa kushtukiza na ada inayolingana na kipato. Katika muda mfupi vituo vya jeshi vikawa miongoni mwa vilivyo bora nchini, na viko hivyo hadi leo. Mtu akisema serikali ya Marekani haiwezi kuendesha malezi, jibu liko kwenye kambi zake za kijeshi.

Raia walipata chao mwaka 1990. Edelman hakuwa amekata tamaa. Safari hii alishirikiana na maseneta Christopher Dodd wa Democratic na Orrin Hatch wa Republican. Ugomvi mkubwa ulikuwa iwapo fedha za serikali ziingie kwenye vituo vya makanisa, na ukamalizwa kwa vocha: fedha apewe mzazi, apeleke anakotaka. Sheria hiyo ilifichwa ndani ya sheria kubwa ya bajeti ambayo Rais George H. W. Bush aliitia saini tarehe 5 Novemba. Mwaka 1996 Rais Bill Clinton alitia saini mageuzi yaliyofuta ile posho ya kubaki nyumbani iliyokuwa na mizizi yake 1911. Mama maskini sasa alitakiwa kazini, tena kwa masharti, na fedha za malezi ziliongezwa ili asipate kisingizio. Nchi iliyokuwa ikimwambia abaki nyumbani kwa ajili ya mtoto, katika karne ileile, ilimtoa nyumbani kwa amri.

Mfumo huo wa vocha ndio uliopo. Serikali kuu hutoa fungu kwa majimbo, na kila jimbo hupanga nani anastahili, mradi lisivuke asilimia 85 ya kipato cha kati cha jimbo. Mzazi anathibitisha kwamba ana kazi au anasoma, anajaza fomu, analeta hati za malipo. Akipata vocha, anatafuta kituo kinachoikubali, na vingi havikubali kwa kuwa malipo ya serikali yako chini ya bei ya mtaani. Zamani alikaguliwa upya kila baada ya miezi michache, na nyongeza ndogo ya mshahara iliweza kumtoa kwenye orodha. Sheria ya 2014 ikampa uhakika wa miezi 12. Lakini fungu lina mwisho. Hesabu za serikali yenyewe za mwaka 2019 zilionyesha kwamba kati ya watoto sita waliostahili kwa vigezo vya serikali kuu, alipata mmoja.

Wasomaji wa Kiswahili wana ndugu kwenye foleni hiyo. Tangu miaka ya 2010 Wakongo wamekuwa miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, na wengi wao wanazungumza Kiswahili. Mtu aliyetoka mahali ambapo mtoto hubaki kwa shangazi au kwa mama jirani bila karatasi yoyote anakuta mji ambao jirani hajulikani, zamu inaanza alfajiri, na fomu inamtaka ataje saa zake za kazi kabla hajaambiwa na mwajiri.

Korona ilirudisha hali ya dharura. Machi 2021 Bunge liliidhinisha dola bilioni 39 kwa malezi, bilioni 24 kati ya hizo zikiwa za kuvinusuru vituo visifungwe. Kwa mwaka mmoja hata punguzo la kodi lililipwa taslimu kwa wasiodaiwa kodi. Novemba mwaka huohuo Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada ambao ungehakikisha familia nyingi hazilipi zaidi ya asilimia 7 ya kipato chao kwa malezi. Seneta Joe Manchin wa West Virginia aliukataa Desemba, na kwa Seneti iliyogawanyika nusu kwa nusu kura yake moja ilitosha. Tarehe 30 Septemba 2023 fedha za kuvinusuru vituo zilikwisha muda wake, kama zilivyokwisha za 1946. Mwaka 2025 Bunge liliongeza tena nafuu, na kwa mara nyingine iliongezwa kwenye kodi.

Majirani wa kaskazini walifuata njia nyingine. Jimbo la Quebec nchini Kanada lilianza mwaka 1997 kutoza dola 5 kwa siku kwa familia yoyote, na mwaka 2021 serikali kuu ya Kanada ikaahidi dola 10 kwa siku nchi nzima. Quebec haikusubiri vita wala mdororo wala ugonjwa. Ilipanga bajeti tu.

Ndani ya Marekani, jimbo lililokwenda mbali zaidi ni New Mexico, mojawapo ya yaliyo maskini. Mwaka 2022 asilimia 70 hivi ya wapiga kura wake walikubali katiba ibadilishwe ili mfuko wa jimbo unaotokana na mapato ya ardhi, hasa mafuta na gesi, ulipie malezi na elimu ya watoto wadogo kila mwaka. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2025, chini ya Gavana Michelle Lujan Grisham, jimbo linalipia malezi ya watoto wa familia za kipato chochote. Ni jimbo pekee ambalo wakati wa vita halikupata kituo hata kimoja cha Lanham. Bado lina upungufu wa walezi na vituo, na bila mafuta yake lisingethubutu. Kwingineko, mzazi wa mshahara wa saa huko Ohio au Mississippi bado anajaza fomu ileile na kusubiri ajulishwe kama fungu la mwaka huu limemfikia.